Jina la Ukungu

Neno ukungu lina maana mbili katika lugha yetu. Uko ukungu ushukao alfajiri juu ya vilima vya Songea wakati wa kipupwe. Jua lipandapo hutoweka. Uko pia ukungu uotao juu ya punje za mahindi. Nimefundisha ngeli za maneno kwa miaka mingi, na nilidhani kupanga vitu kwa majina ni kazi ya ubao na chaki tu.

Julai moja nilimkuta mama uani na ungo, akichambua mahindi: mazima huku, yenye ukungu wa kijani kule. Haya ya pili aliyatenga kwa pombe ya kuuza. Nikamwambia, "Mama, ukungu huo huitwa Aspergillus."

Akaniuliza, "Mwanangu, jina hilo lamfaa nani?"

Sikuwa na jibu, nikarudi vitabuni. Jina hilo alilitoa Pier Antonio Micheli, mtaalamu wa mimea wa Florence, mwaka 1729, kwa kuwa katika hadubini kuvu hiyo ilifanana na chombo cha kunyunyizia maji ya baraka. Baadaye wataalamu waliona baadhi ya kuvu za jamii hiyo zikizaa mbegu ndani ya vijifuko, wakaziita kwa hali hiyo Eurotium au Emericella. Basi kiumbe kimoja kikawa na majina mawili, mithili ya mtu aitwaye hivi shambani na vile arusini. Mkutano wa wanabotania uliofanyika Melbourne mwaka 2011 uliamua kila kuvu iwe na jina moja tu.

Walakini jina moja lakusanya wema na wabaya. Aspergillus oryzae huwatengenezea Wajapani mchuzi wa soya. Aspergillus flavus, nduguye wa karibu mno, hutoa sumukuvu, sumu iharibuyo ini, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Moto wa jikoni hauimalizi, wala pipa la pombe.

Nilimweleza mama hayo. Alinyamaza, akayatazama madebe mawili aliyoyatenga. Ndani yake mlikuwa na jasho la msimu mzima, na sare na madaftari ya mjukuu wake. Kisha akachukua jembe, akachimba shimo nyuma ya nyumba, akayafukia yote.

Sare nilinunua mimi. Hakuniuliza tena faida ya jina, nami sikujisifu. Maana mkono wake ulikuwa umekwisha kuzitenga punje zile kabla yangu. Mimi nilimwongezea jambo moja tu ambalo jicho halioni.