Kutoka Newark Hadi Maplewood: Safari ya Kutazama Dirisha



Mwezi uliopita klabu ya mchezo wa vitara iliyopo mtaani kwetu hapa New Jersey ilituletea karatasi ya tangazo, ikatuomba tuiambatishe na jarida hili. Picha yake ni watu wawili waliofunika nyuso, kila mmoja amemwelekezea mwenzake upanga kifuani. Chini yake kuna ada na nambari ya simu, basi. Klabu imebakiwa na wanachama kumi na mmoja, na kodi ya ukumbi inawaelemea. Tuliwaonyesha karatasi ile wazazi kadhaa. Wote waliuliza neno lile lile: watoto wetu wakafundishwe kuchomana?

Hatukuwa na jawabu. Jumamosi iliyofuata tukapanda treni Newark, stesheni ya Broad Street, kuelekea Maplewood.

Newark yenyewe ina habari yake. Huko ndiko alikokulia Peter Westbrook, mtoto wa mama Mjapani aliyelea wanawe kwa taabu. Mama yule alitaka kijana wake ajiepushe na mambo ya mitaani, akamwahidi dola 5 iwapo angekwenda kujifunza vitara. Kijana alikwenda kwa ajili ya dola, akabaki kwa ajili ya mchezo. Mwaka 1984 alipata nishani ya shaba katika Olimpiki ya Los Angeles. Mwaka 1991 alianzisha taasisi mjini New York ya kuwafundisha watoto ambao wazazi wao hawakuwa na uwezo wa kulipia mchezo huu wa gharama. Alifariki mwaka 2024.

Treni ilipita East Orange, Orange, kisha South Orange. Majengo ya matofali yakapungua, miti ikazidi. Maplewood tulishuka, tukatembea taratibu kama watu wa umri wetu, hadi Columbia High School, shule kubwa yenye mnara wa saa. Ilikuwa imefungwa. Tulisimama kando ya barabara tukiyatazama madirisha, na mpita njia mmoja akatutazama sisi.

Tulikuwa tumelifuata dirisha. Miaka mingi iliyopita mama mmoja Mwislamu alipita hapa kwa gari pamoja na binti yake, Ibtihaj Muhammad, akawaona ndani vijana wenye suruali, koti jeupe hadi shingoni, glavu, na kinyago cha wavu wa chuma. Mchezo hakuujua. Alichokiona ni kwamba mwili wote umesitiriwa. Katika michezo mingine alikuwa akilazimika kumwongezea binti nguo juu ya sare, na binti akaonekana tofauti na wenzake. Huku wote wamevaa sawa. Binti alianza akiwa na miaka 13, baadaye akaingia katika taasisi ya Westbrook, na mwaka 2016 huko Rio akawa Mmarekani wa kwanza kushindana Olimpiki akiwa na hijabu. Alirudi na nishani ya shaba ya timu.

Tukiwa pale tulimkumbuka binti yetu wa pili. Alikuwa na mbio za ajabu. Alipofika miaka 13 shule yake iling'ang'ania kaptula, nasi, walimu wa miaka mingi, tuliandika barua ya kumwombea ruhusa ya kukaa kando. Hatukumtafutia mchezo mwingine. Sasa ni mama wa watoto watatu, na habari ile hajaisahau.

Tuliporudi tuliwaendea wenye klabu. Tuliwaambia waiondoe picha ya panga vifuani, waweke ya msichana aliyevaa mavazi kamili huku kinyago amekishika mkononi, uso wake uonekane. Waeleze kwamba ncha ya silaha ni butu, na kwamba taa ndiyo inayoonyesha aliyegusa. Waandike kwa herufi kubwa kwamba vifaa huazimwa, maana mzazi akisikia bei ya koti na kinyago hutoka mbio. Wawaalike akina mama waje kuketi na kutazama. Na kwa wazee wa Lamu tutasema wenyewe: aliyewahi kuishangilia kirumbizi, fimbo kwa fimbo chini ya ngoma na zumari, asiuite mchezo huu ushenzi wa wageni.

La mwisho lilihusu mapazia. Ukumbi wao una madirisha makubwa yanayotazama kituo cha basi, na miaka yote yamefunikwa. Mwalimu wao alicheka, kisha akapanda juu ya kiti akayafungua papo hapo.

Alhamisi hii, kuanzia saa 12 jioni, watoto watajaribu bila ya malipo, na chumba cha nyuma kimetengwa kwa sala ya Magharibi. Sisi tutakuwa mlangoni na chupa mbili za chai ya tangawizi.