Boti iligoma kurudi nyuma, lawama zikamwangukia kijana

Ifakara. Jioni ile upepo ulikuwa mkali na Mto Kilombero ulikuwa umejaa. Kijana wa miaka 18 alikuwa akirudisha boti ya baba yake kutoka kambi ya wavuvi, akielekea Kivukoni, pale palipokuwa na pilikapilika za pantoni kabla ya Daraja la Magufuli kufunguliwa mwaka 2018. Nyuma ya boti kulikuwa na madumu ya petroli na matenga mawili ya kambale. Baba na mtoto wake mdogo wa miaka 11 nao walikaa huko huko.

Nafasi ya kuegesha ilikuwa moja tu, kati ya mitumbwi miwili. Kijana aliipita kidogo, akaelekeza kichwa cha boti kule mto unakotokea, akatia rivasi ili ateremke taratibu hadi kwenye nafasi ile. Boti haikumsikiliza. Upepo ulisukuma kichwa kuelekea katikati ya mto, nyuma ikaenda kwenye mitumbwi.

"Ongeza moto! Nimekufundisha mara ngapi?" baba alifoka.

Kijana akaongeza. Maji yakaruka juu ya ubao wa nyuma, yakaingia ndani. Mdogo wake akanyoosha mkono kuzuia boti isigonge, vidole vikabanwa.

Mungu saidia, ulitoka ukucha mmoja tu. Lakini nyumbani baba alitangaza kwamba kijana hatagusa mashine tena. Kijana hakujibu. Wiki nzima aliondoka alfajiri kwenda shamba la mpunga, akarudi watu wamekwisha kula.

Mama ndiye aliyeuliza. "Baba watoto, kwani siku ile wewe ungeiweza?"

Swali lilimkaa. Kesho yake baba alipakia mzigo ule ule na kujaribu mwenyewe. Mara mbili kichwa cha boti kilimkimbia, na mara mbili maji yakaingia. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akimtazama kutoka ukingoni alimwita.

"Mzigo wote umeuweka nyuma," alimwambia. "Kichwa kimeinuka, upepo unakibeba kama tanga."

Mzee alimweleza mengine pia. Boti ya mashine haina usukani wa peke yake. Kinachoigeuza ni pangaboi likiwa linazunguka. Kwa hiyo unageuza mashine kwanza, ndipo unatia rivasi kwa moto mdogo, kisha unarudi nyutro na kuiangalia boti inavyokwenda. Ikihitajika, unarudia. Mashine nyingi za pangaboi moja, zikiwa rivasi, huvuta nyuma ya boti kidogo upande wa kushoto, basi unaiachia nafasi ya kosa hilo. Moto mwingi hausaidii, unaleta maji ndani tu. Na boti ikikaribia kugonga, kinachotangulizwa ni upondo au tairi kuukuu, si mkono wa mtu.

Baba alisogeza madumu na matenga mbele, akajaribu tena. Boti ikaingia kati ya mitumbwi bila kugusa hata mmoja.

Alikaa pale muda mrefu. Siku ile mzigo aliupanga yeye. Na aliyeamuru moto uongezwe alikuwa yeye.

Usiku alimsubiri kijana hadi akarudi, akamtengea chakula mwenyewe. "Mwanangu, kosa lilikuwa langu. Nilipanga mzigo vibaya, halafu nikakupigia kelele. Nisamehe."

Kijana alinyamaza kidogo. "Nilijua ni mzigo, baba. Niliona tangu tunaondoka kambini. Niliogopa kukwambia."

Maneno hayo yalimuuma baba kuliko ukucha ulivyomuuma yule mdogo. Mto ule una mamba na viboko, na mtoto wake aliona hatari akaimeza kwa kuogopa kufokewa.

Siku hizi kijana ndiye anayepanga mzigo na kushika mashine. Kabla ya kung'oa nanga huuliza kila aliyemo kama ameona tatizo lolote, na mdogo wake, akiwa amevaa jaketi la kuokolea, hujibu wa kwanza. Baba ameambiwa akae mbele, kwa sababu naye ni mzigo. Anakaa, na wakati wa kuegesha hasemi neno.