Siku ya jua kwenye kisiwa cha Tchegera

Mnajua namna mvua ya Novemba inavyotutesa hapa Goma: nguo hazikauki, njia inajaa matope meusi, na Nyiragongo inajificha wiki nzima. Safari yetu ya Tchegera tuliipanga kwa miezi, na pesa yake tuliiweka pole pole katika likelemba. Jua peke yake ndilo hatukuweza kulipanga. Lakini Jumamosi hiyo lilitoka asubuhi na mapema, likakaa mpaka jioni.

Tulikuwa mama kumi na wawili pamoja na watoto. Kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, alivaa jile ya kuokolea kabla boti haijaondoka. Ajali za ziwani tunazijua, kwa hiyo hapo hatukukubali mchezo.

Tchegera ni kisiwa kidogo upande wa kaskazini wa Ziwa Kivu, na kimo ndani ya Parki ya Virunga. Kimepinda kama mwezi mwandamo, kwa sababu ni ukingo wa shimo la volkano ya zamani. Ndani ya upinde huo maji yanatulia, na ukiinua macho siku ya jua kama ile, unaona Nyiragongo na Nyamulagira zikiwa pamoja.

Watoto walianza kuona ndege kabla hatujashuka. Minandi weusi walisimama juu ya mawe, mabawa wazi, wakijianika kama nguo kwenye kamba. Mdiria, yule mwenye madoa meusi na meupe, alisimama hewani akipiga mabawa, kisha akajitupa majini kichwa chini na kutoka na samaki mdomoni. Watoto walipiga makofi. Kwenye miti, kwera wa manjano walikuwa wanasuka viota kwa kelele nyingi kuliko soko. Fisi maji hatukumwona, ingawa mwendesha boti alituambia humwona mara nyingine watu wakitulia. Kwa kundi letu, kutulia kulikuwa kugumu!

Kiboko na mamba hawamo katika Kivu, basi watoto walicheza ukingoni, mama wawili wakiwalinda muda wote. Tulikula viazi, maharagwe na sambaza za kukaanga.

Ni hizo sambaza zilizotuletea mazungumzo ya siku. Mtoto mmoja aliuliza: «Mdiria anakula samaki wetu?» Tukamwelezea kwamba sambaza wenyewe ni wageni hapa: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, na leo tunakula sisi, wanakula ndege. Usiku wavuvi huwavuta kwa taa katikati ya ziwa, lakini wadogo hukulia karibu na ukingo. Mtu akipitisha chandarua cha mbu pale, anazoa watoto wa samaki ambao wangekuwa chakula cha mwaka kesho. Na sisi tukinunua vile vidogo kama sindano kwa sababu ni bei rahisi, tunamlipa aendelee.

Wengi wetu ziwa hili tunalijua kwa bidoni la maji na kwa hofu. Mei 2021, baada ya volkano kulipuka na ardhi kutetemeka siku nyingi, tulikimbilia Sake, Minova na Rutshuru. Watu walisema gesi iliyo chini ya maji itatoka. Watoto waliokuwa mgongoni wakati ule wamekua na hofu hiyo. Hatari zipo na lazima wazijue. Lakini mtoto anayeliogopa ziwa tu, hatalilinda. Atatupa plastiki ndani yake, atapiga ndege kwa manati, ataona ni sawa.

Si kila familia itapata pesa ya boti. Siku jua likitoka, peleka watoto ukingoni hapa hapa mjini, nusu saa tu. Chagueni mahali pa juu penye upepo, si mashimoni, kwa maana mazuku hukaa mabondeni, zaidi asubuhi. Wahesabu aina za ndege. Mtoto wetu mmoja alifikisha saba, na tangu siku ile manati yake iko juu ya kabati kwa hiari yake mwenyewe.

Kikundi kitakachokwenda, kituandikie kilichoona. Na atakayemwona fisi maji atuambie alitulia namna gani.