Kiwanda Ndani ya Mfupa

Likizo iliyopita mdogo wangu wa kike aliugua malaria, hata viganja vyake vikawa vyeupe kama karatasi. Daktari akasema damu imempungukia mno. Akatiwa chupa moja, lakini akiba ilikuwa ndogo, nasi tukaombwa tutafute watu wa kutoa nyingine.

Baba mkubwa akakataa. Si mchoyo, yeye ndiye aliyenilipia karo tangu darasa la kwanza. Ila aliamini kwamba mtu huzaliwa na damu yake kama mtungi uliojazwa mara moja tu.

"Mwanangu," akaniambia, "nimekwisha kuzeeka. Nikitoa chupa nzima, nani atanirudishia?"

Sikuwa na jibu. Somo la damu nililikariri kwa ajili ya mtihani, nikalisahau kesho yake. Nikafungua daftari langu kwa haya.

Jioni mama alikuwa akikata nyama ya mbuzi. Nikaomba mfupa mmoja, nikaupasua kwenye ncha kabla haujatiwa chunguni. Ndani ulikuwa na vitundu vitundu, na uboho mwekundu umejaa humo.

"Baba mkubwa, damu hufanyizwa hapa," nikamwambia. Nikamweleza kwamba mwaka 1868 Ernst Neumann, mtaalamu wa mji wa Königsberg, alitangaza jambo hilo baada ya kuuchunguza uboho kwa darubini. Katika mtu mzima kazi hii hufanyika hasa katika mifupa ya kifua, mbavu, uti wa mgongo na nyonga. Chembe mama zilizomo humo hugawanyika, na wana wao hugeuka kuwa chembe nyekundu zibebazo oksijeni, au nyeupe zipiganazo na maradhi, au vigandisha damu. Chembe nyekundu, kabla ya kuingia katika damu, huitupa nje kiini chake, ipate nafasi ya kubeba mzigo wake. Huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa, na chuma chake hutumiwa tena. Kila nukta moja ya saa mwili hutengeneza kama 2,000,000 mpya. Malaria ilikuwa imezivunja za mdogo wangu upesi kuliko mifupa yake ilivyoweza kuzirudisha.

Mzee akaugeuzageuza ule mfupa. "Na nikipungukiwa, mfupa utajuaje?"

Swali hilo hakuna mwanafunzi aliyepata kuliuliza darasani kwetu! Nikamjibu kwamba ni figo zijuazo. Zikiona oksijeni ni haba, hutoa kichocheo kiendacho na damu mpaka ubohoni kuuhimiza. Akacheka sana, alidhani figo ni za mkojo tu. Nikamwambia pia kwamba maji ya damu hurudi kwa siku moja au mbili, lakini chembe nyekundu huchukua majuma kadhaa, nao uboho hauwezi kazi bila chuma cha chakula, kama maharage, mboga za majani na maini.

Hakusema kitu. Nikalala nikijua nimeshindwa.

Asubuhi nikamkuta mlangoni amevaa kanzu ya Ijumaa. Tulikwenda pamoja, tukatoa sote wawili, kila mmoja kiasi cha mililita 450. Mdogo wangu amekwisha kurudi shuleni. Baba mkubwa ameitia alama kalenda yake kwa penseli, na kila nirudipo nyumbani huniuliza kama miezi yake mitatu imetimia, na kama maini yamo jikoni.