Jiwe ambalo baba hakulirusha

Kwa wiki tatu baba na mwanawe wa kidato cha pili walikuwa wakisalimiana tu. Kijana anasema, "Shikamoo baba," baba anaitika, "Marahaba," basi, kila mtu anashika njia yake.

Ugomvi ulianza ripoti ya shule ilipokuja. Alama za hesabu zilikuwa zimeshuka vibaya. Baba akaamini chanzo ni simu, akaichukua na kuifungia kabatini.

Kijana huyo anavaa miwani tangu darasa la tano kwa sababu haoni vizuri vitu vya mbali. Mwaka jana daktari wa macho alimwongezea nguvu ya lenzi na kuwashauri wazazi wasimwache ashinde ndani. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa watoto wanaokaa nje zaidi, kwenye mwanga wa mchana, hawapati tatizo hili kwa urahisi kama wenzao. Ila mtoto ambaye tayari analo bado anahitaji miwani na kupimwa mara kwa mara.

Aliyewatoa nje ni mjomba. Aliwaachia kamera ya mtumba yenye lenzi ndefu ya milimita 300, akasema, "Nendeni mkapige picha za ndege. Wanaoruka, siyo waliotua."

Jumamosi moja ya Februari wakaenda ufukwe wa Kunduchi, Dar es Salaam. Walienda alasiri ili jua liwe mgongoni mwao. Maji yalikuwa yamekupwa, na vitwitwi walikuwa mbali kwenye matope, wakidonoa chakula.

Siku hiyo walipiga picha zaidi ya 300. Nyingine zilikuwa anga tupu, nyingine bawa moja, nyingine ukungu mtupu. Nzuri haikuwepo hata moja.

Jumamosi iliyofuata kijana alikuwa amejifunza kwa mjomba wake. Kamera ikawekwa kasi ya sehemu moja ya 2,000 ya sekunde, maana kwa kasi ndogo bawa halitulii. Akajua pia kuwa ndege wengi huruka wakielekea upepo unakotoka. Kwa kuwa kaskazi ilikuwa ikivuma kutoka baharini, ndiyo maana picha zao zilikuwa za mikia. Ilibidi wasubiri ndege wageuke.

Baba hakuwa na subira hiyo. Nusu saa ilipopita bila ndege kuruka, akaokota jiwe. Kijana akamshika mkono.

"Baba, usiwatishe. Wanakula."

"Nataka waruke tu, upate picha."

"Watasafiri karibuni, wanarudi Ulaya na Asia kuzaliana. Sasa hivi wanaweka mafuta mwilini. Kila wakiruka kwa hofu wanayapunguza."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyomwambia baba yake kwa mwezi mzima. Baba akaliangusha jiwe mchangani, akakaa chini.

Wakasubiri. Maji yakaanza kujaa, matope yakapungua, na ndege wakasogea taratibu kuelekea ufukweni, bila kufukuzwa na mtu. Wimbi moja likawafikia miguuni, wakaruka wote kwa pamoja, wakazunguka juu ya maji na kugeuka kuja upande wa pwani. Kijana akawafuata kwa kamera kabla ya kubonyeza, akaendelea kuwafuata hata baada ya kubonyeza.

Akatazama kioo cha kamera kwa karibu sana, pua ikikaribia kukigusa. Baba akaliona hilo.

"Miwani hiyo inakutosha kweli?"

Kijana akanyamaza. Kisha akasema polepole kuwa haoni ubao tangu muhula uliopita. Anakaa nyuma, ananakili kwa mwenzake, na akikosea mwenzake naye anakosea.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikusikia ukimwambia mama kuwa miwani yangu inamaliza mshahara."

Baba alikumbuka usiku huo. Aliyasema kwa uchovu, akidhani watoto wamelala.

Jumatatu hakwenda kazini asubuhi. Alimpeleka kijana kliniki ya macho, na vipimo vikaonyesha kuwa macho yamebadilika tena. Kutoka hapo akapita shuleni kumwomba mwalimu wa darasa amsogeze mtoto mbele. Jioni akalifungua kabati, akamrudishia simu na kumwambia, "Nisamehe, mwanangu."

Alama za hesabu hazijapanda bado, muhula ndiyo kwanza unaanza. Picha ya siku ile ipo sebuleni. Kitwitwi wa mwisho kulia amekatika bawa, na wa nyuma wana ukungu kidogo. Wageni wakiuliza nani kaipiga, kijana hunyoosha mkono kumwonyesha baba yake, na baba humwonyesha yeye.