Msimu Unapofunguliwa Konyo Konyo

Mgeni aingiaye Juba kwa njia ya Nimule husafiri kilomita 192 za lami kutoka mpaka wa Uganda, huvuka Mto Naili darajani, na muda si mrefu hulisikia jina la Konyo Konyo likitangazwa na makondakta wa mabasi madogo. Jina lenyewe limekwisha kujirudia, nao hulirudia tena na tena, hata mgeni akadhani kwamba anaitwa yeye. Akishuka hapo huwa ameingia katika mojawapo ya masoko makubwa ya mji mkuu wa Sudan Kusini, katika eneo la Kator, upande wa magharibi wa mto.

Agosti ni mwezi wa mvua mjini Juba. Matope hushika viatu, na pikipiki za abiria hupita pole pole kati ya mafungu ya nyanya, vitunguu na kabeji. Sehemu kubwa ya mboga hizo imetoka Uganda kwa malori. Kando yake mna samaki wakavu, bamia, ufuta na karanga zilizosagwa. Wauzaji nao ni wa asili nyingi: Wabari, ambao ndio wenyeji wa Juba tangu zamani; Wadinka, Wanuer na makabila mengine ya nchi hiyo; Waganda, Wakenya, Waethiopia, Waeritrea, na wafanyabiashara kutoka Darfur. Lugha inayowaunganisha wengi ni Kiarabu cha Juba, lakini Kiswahili hakikosi pa kukaa. Wako walioletwa nacho na biashara, na wako wenyeji waliojifunza walipokuwa wakimbizi huko Kakuma, kambi iliyofunguliwa kaskazini mwa Kenya mwaka 1992.

Mwezi huo wa mvua una jambo jingine. Ndipo Ligi Kuu ya kandanda ya Uingereza inapofunguliwa. Nje ya kila banda la kuonyeshea mpira husimamishwa ubao wa chaki wenye majina ya timu na saa za michezo. Banda lenyewe ni mabati, miti na mabenchi. Ndani yake mna televisheni, na nje jenereta inanguruma kwa sababu haifai kuutegemea umeme wa mji katika dakika ya 90. Anayetaka kuingia hutoa noti zake za pauni mlangoni. Tajiri na mchukuzi hulipa kiingilio kimoja na kukalia ubao mmoja.

Msimu wa mwaka 2024 ulifunguliwa Ijumaa, tarehe 16 Agosti, Manchester United ilipoikaribisha Fulham. Mchezo ulianza saa 3 usiku kwa saa za Juba. Kampala na Nairobi ilikuwa saa 4, kwa kuwa Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja mwezi wa Februari 2021. Jambo hili huwasumbua mama wauza mboga kutoka Gulu, ambao watoto wao huwapigia simu wakisema mpira unaanza saa 4, na ubao wa banda unasema saa 3. Ukweli ni kwamba gozi huanza kusukumwa kwa wakati mmoja; tofauti imo katika saa za ukutani tu.

Na achukuliwe kwa mfano shabiki mmoja wa makamo, fundi cherehani, mpenzi wa Arsenal. Kwake yeye usiku ule wa kwanza haukuwa na mchezo wa timu yake, lakini alikwenda. Shabiki hodari hutazama pia mchezo wa mahasimu wake, apate cha kuwatania. Kulia kwake alikaa kijana wa Kiganda auzaye viatu, na kushoto mzee wa Darfur mwenye duka la sukari, wote wawili watu wa Manchester. Fundi aliwacheka kwa dakika 86. Katika dakika ya 87 Joshua Zirkzee akaipatia Manchester bao pekee la mchezo, na mzee wa Darfur, ambaye kwa kawaida ni mtu wa maneno machache, akasimama juu ya benchi.

Kesho yake zamu ikageuka. Mnamo saa 7.30 mchana Liverpool iliifunga Ipswich mabao 2 kwa 0 ugenini, na ilipotimia saa 10 jioni Arsenal ikaanza kuikabili Wolves, nayo ikashinda kwa mabao 2 kwa 0. Jumapili Manchester City ikaitandika Chelsea idadi ile ile. Wiki moja baadaye Manchester United ilikwenda Brighton ikafungwa 2 kwa 1 katika dakika za nyongeza. Tarehe 31 Agosti Arsenal nayo ikatoka sare ya 1 kwa 1 na Brighton hao hao, baada ya Declan Rice kutolewa nje kwa kadi nyekundu. Na kabla kicheko cha Wamanchester hakijakauka, siku iliyofuata Liverpool ikawachapa mabao 3 kwa 0 nyumbani kwao Old Trafford. Katika muda wa siku 17, kila aliyecheka alikwisha chekwa.

Hapa ndipo anayeyatazama mabenchi ya Konyo Konyo hujifunza jambo. Watu wa Afrika Mashariki wanaujua utani wa jadi: kabila na kabila huweza kutoleana maneno makali, hata msibani, na asitokee wa kununa, kwa sababu mababu walikwisha patana. Lakini kati ya mfumaji wa Darfur, mvuvi wa Kibari, mchungaji wa Kidinka na muuza viatu wa Kampala hakuna mababu waliowahi kuketi na kuufunga utani wa namna hiyo. Kandanda imewafungia. Mtu wa Arsenal anaweza kumwambia mtu wa Manchester maneno ambayo, yangesemwa juu ya kabila au nchi yake, yangeleta fimbo. Na mwenzake akajibu kwa maneno makali zaidi, kisha wakagawana bilauri ya chai.

Jambo hilo si dogo kwa mji kama Juba. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Desemba 2013 vita vikazuka humo humo mjini, na Julai 2016 risasi zikarudi tena, mpaka mkataba wa amani ukatiwa sahihi Septemba 2018. Katika siku zile mbaya swali la kabila la mtu lilikuwa swali la kufa na kupona. Katika banda la mpira swali la kwanza ni jingine: “Wewe ndugu, ni wa timu gani?” Na jibu lolote litakalotolewa halimwondoi mtu kwenye benchi.

Nyumbani ushabiki una hesabu yake. Inasimuliwa juu ya fundi yule yule kwamba alipokuwa akijitayarisha kutoka, mkewe alimwuliza kwa upole: “Baba watoto, hiyo Arsenal imetuletea unga kiasi gani mwezi huu?” Fundi alicheka, lakini alilielewa neno. Tangu siku hiyo fedha za unga, sabuni na ada ya shule hutolewa kwanza, na kiingilio hutoka katika mabaki. Karatasi za kubahatisha matokeo, ambazo siku hizi zimewafilisi vijana wengi katika miji yote ya Afrika Mashariki, hazigusi. Husema kwamba anayeipenda timu huumia mara moja ikifungwa, bali aliyeiwekea fedha huumia mara mbili, na mara ya pili huumia pamoja na watoto wake. Naye mkewe, ambaye zamani aliuona mpira kuwa ni adui wa nyumba, sasa huuliza matokeo kabla ya kuandaa chakula, apate kujua mume atarejea na uso gani.

Wiki nne hazijatimia tangu kufunguliwa kwa msimu, benchi la Konyo Konyo likapata jambo la kwake lenyewe. Jumanne, tarehe 10 Septemba 2024, timu ya taifa ya Sudan Kusini iliikaribisha Afrika Kusini mjini Juba katika michezo ya kufuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika. Jezi nyekundu za Arsenal na za Manchester zikafunikwa kwa vitambaa vya rangi nyeusi, nyekundu na kijani, na nyota ya njano katika pembetatu ya buluu. Timu hiyo ilikuwa changa. Mchezo wake wa kwanza unaotambuliwa na FIFA ulikuwa tarehe 10 Julai 2012, hapo hapo Juba, ilipotoka sare ya 2 kwa 2 na Uganda. Na ushindi wake wa kwanza ulichelewa hadi Septemba 2015, ilipoifunga Equatorial Guinea bao 1 kwa 0. Siku ile ya Septemba 2024 vijana wake walipigana na Afrika Kusini bega kwa bega, wakafunga mabao 2, na sare ilikuwa mkononi. Katika dakika za nyongeza wageni wakapata bao la tatu. Waliokuwapo walirudi nyumbani kimya, na kimya kile kilikuwa cha watu wa timu zote.

Oktoba ulikuja mtihani mwingine, kwa kuwa mpinzani alikuwa Uganda, yaani jirani wa benchi moja. Uganda ilishinda bao 1 kwa 0 mjini Kampala, kisha ikashinda 2 kwa 1 mjini Juba. Asubuhi iliyofuata wanunuzi walikuja kununua nyanya kwa Waganda kama kawaida, wakidai wapunguziwe bei kwa ajili ya msiba. Tarehe 14 Novemba Sudan Kusini ikaifunga Kongo Brazzaville mabao 3 kwa 2. Ushindi huo haukuipeleka Sudan Kusini kwenye fainali, lakini uliipeleka Uganda, kwa kuwa Kongo haikuweza tena kuifikia. Basi aliyekuwa akidai kupunguziwa nyanya kwa kufungwa akawa sasa na haki ya kudai apewe bure.

Lakini utani, kama nyumba, hutaka kulindwa. Mwezi wa Januari 2025 zilifika Juba habari na picha za raia wa Sudan Kusini waliouawa huko Wad Madani, nchini Sudan. Hasira ikawaka mitaani. Maduka ya wafanyabiashara wa Kisudani yakaporwa, na watu ambao hawakuwa na hatia yoyote, waliokuwa wameikimbia vita hiyo hiyo, wakapigwa na wengine wakauawa. Wako waliopata hifadhi katika vituo vya polisi. Tarehe 17 Januari amri ikatolewa kwamba mtu yeyote asitembee mjini tangu saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Kesho yake, Jumamosi, Arsenal ilikuwa ikicheza na Aston Villa saa 1.30 usiku kwa saa za Juba. Iliongoza kwa mabao 2, ikarudishiwa yote mawili. Kwa desturi, hakuna mchezo ambao ungewapa watani maneno mengi kuliko huo. Lakini saa hiyo ilikuwa ya amri, watu walikuwa majumbani, na mwenye kucheka na mwenye kuchekwa hawakuonana.

Askari na polisi wanaolinda amani usiku, katika mji wowote ule, huweza kuliona banda la mpira kuwa ni mahali pa kelele tu. Kelele zipo. Lakini afadhali kelele za benchi moja kuliko kimya cha milango iliyofungwa. Uso wa jirani aliyeketi kando ya mtu kila Jumamosi hausahauliki upesi. Na mtu aliyekwisha kumtania mzee wa sukari kwa msimu mzima hupata shida kuamini, siku ya uvumi, kwamba mzee huyo ni adui. Kumzoea jirani namna hiyo hakuzuii kila ovu, kama Januari ilivyoonyesha, lakini ni mahali pa kuanzia.

Msimu ule ulikwisha Mei 2025, Liverpool ikiwa bingwa, Arsenal ya 2, na Manchester United, iliyoufungua kwa shangwe ile ya dakika ya 87, ikiwa ya 15. Hayo yote hayakujulikana na yeyote usiku wa tarehe 16 Agosti, na hiyo ndiyo heri ya mwanzo wa msimu. Kila Agosti ubao wa chaki hufutwa kwa kitambaa chenye maji, timu zote 20 huandikwa sifuri, na mtu hupita mlangoni akiwa na tumaini sawa na mwenzake. Ndani, benchi lipo pale pale. Anayechelewa huambiwa, kwa Kiarabu cha Juba au kwa Kiswahili, kwamba wenzake watasogea, nao husogea.