Sufuria ya Nkambo

Kiangazi cha Kasongo, mkoani Maniema nchini Kongo, Juni hadi Agosti, ndicho kilikuwa kipindi chetu cha mafua. Alfajiri ya ukungu, nyumba nzima inapiga chafya. Nkambo, yaani bibi yangu, hakungoja ushauri. Alibandika sufuria kwenye mbabula, jiko letu la makaa, akatutuma uani tuchume majani ya mlimau na mpera, na mchaichai wa kutosha.

Maji yakishatokota, sufuria iliteremshwa, ukaketi kwenye kigoda, ukafunikwa blanketi gubigubi. "Vuta! Nani kakuambia utoke?" Mvuke unakuchoma pua, machozi na kamasi vinashindana kushuka, harufu ya limau inapanda hadi utosini. Kwa wadogo aliingia mwenyewe ndani ya blanketi, mkono mmoja kwenye sufuria wasije wakaipiga teke. Baadaye alitufuta kwa kitenge, akatupaka mafuta kifuani. Mafua yenyewe hayakuondoka siku hiyo, ila usiku ulilala umefunga mdomo.

Alikuwa Mbangubangu wa Kabambare, na surua ilikuwa imemwonyesha makaburi ya watoto. Kwa hiyo mtoto akianza kutetemeka, blanketi lilikunjwa. "Mafua ni ya sufuria, homa ni ya sindano," alisema, akambeba mgongoni hadi kituo cha afya. Vituo hivyo vilienea kwetu kwa mradi ulioanzishwa Kasongo mwaka 1971 pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp.

Ukubwani nilisoma kwamba Wachina nao hufukuza baridi mwilini kwa moto wa majani makavu ya pakanga, yanayofukizwa karibu na ngozi. Nkambo angewaelewa mara moja. Ambacho asingekielewa ni chai ya artemisia, jamaa wa pakanga hiyo, iliyoingia Maniema na kusifiwa kuwa inaponya malaria. Mwaka 2015 ilijaribiwa hapa kwa wagonjwa. Jarida lililochapisha matokeo baadaye likayaondoa, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo. Dawa inayotolewa kwenye mmea huo na kupimwa kiwandani ni habari nyingine: ndiyo iliyompa mwanasayansi wa China Tu Youyou Tuzo ya Nobeli mwaka huohuo wa 2015.

Nimewaambia ndugu wa Kabambare: mafusho endeleeni nayo, lakini homa ipimwe kwanza. Shemeji akanijibu kwamba kituo kiko mwendo wa nusu siku, artemisia iko mlangoni.